Cheo kikinyang'anywa kinaenda wapi? Mkasa wa Mar, kiwanja kimoja chenye hati mbili

Oktoba 2025, kasri la Buckingham lilipotangaza kwamba Andrew, mdogo wake Mfalme Charles, anavuliwa vyeo vyake, swali lililozunguka kwenye magurupu ya WhatsApp lilikuwa moja: sasa hicho cheo kinaenda kwa nani? Kuna waliojibu kwamba kinarudi kwa mfalme, kama funguo za gari la ofisi. Kuna waliosema kimekufa palepale. Na hawakukosekana waliodai kwamba sasa kitauzwa, mwenye fedha akae tayari.

Majibu hayo yote yana kasoro, lakini usiwacheke walioyatoa. Waingereza wenyewe waliwahi kujikwaa kwenye swali hilohilo, wakajikwaa mbele ya majaji wao wakubwa kabisa, mpaka Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuwanasua. Cheo kilichowatoa jasho ni cha Uskoti, kinaitwa Erli wa Mar. Kilinyang'anywa mwaka 1716, kikarudishwa mwaka 1824, na leo kina wenyewe wawili. Kila mmoja anacho kihalali. Ukielewa kilichotokea hapo, la Andrew ni jepesi.

Maneno kwanza

Uingereza ina madaraja matano ya vyeo vya kurithi. Juu kabisa yupo dyuki, anafuata markizi, kisha erli, kisha vaikaunti, na wa mwisho baroni. Ukiwataja kwa mkumbo ni malodi. Sisi tuna neno kabaila, ambalo waliosoma enzi za siasa ya ujamaa walilikariri pamoja na bepari na kupe. Humu nalitumia bila matusi. Erli, basi, ni kabaila wa daraja la kati. Mkewe huitwa kauntesi. Mwanamke aliyerithi cheo yeye mwenyewe huitwa kauntesi pia, kwa hiyo ukikutana na jina hilo usikimbilie kuuliza mume wake ni nani.

Sasa, kutoweka kwa cheo. Chukua laini ya simu. Mwenye laini akifariki, na hana wa kumrithi, namba inafutwa. Cheo cha namna hiyo kimekufa. Lakini yawezekana namba ipo, salio lipo, ila hajajitokeza mtu mwenye vielelezo vya kuonyesha kwamba ni yake. Cheo hicho kimelala, na kinaweza kulala miaka mia mbili, siku moja akaibuka mtu na makaratasi yake kikaamka. Halafu kuna laini iliyofungiwa kwa amri ya dola kwa sababu mwenyewe kafanya kosa. Namba haijafutwa. Ipo. Ila hapigi yeye, hapigi mwanawe, hapigi mjukuu wake. Hicho ndicho cheo kilichonyang'anywa.

Neno la kushika hapo ni "haijafutwa". Watu wengi huchanganya kufungiwa na kufutwa, na mkanganyiko huo ndio uliozaa kesi ya Mar.

Nani hufungia? Si mfalme peke yake. Mfalme hutoa cheo, lakini akishakitoa kinakuwa mali ya ukoo, na hawezi kuamka asubuhi akakichukua kwa sababu amekasirika. Zamani njia ilikuwa hukumu ya uhaini, mara nyingi kwa sheria ya Bunge iliyomtaja mtu kwa jina lake. Hata mwaka 1917, Uingereza ilipotaka kuwavua vyeo makabaila waliokuwa upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ilibidi itungwe sheria maalumu. Ndiyo maana katika suala la Andrew wanasheria waliyapima maneno kwa mizani ya sonara. Mfalme alimwondolea uanamfalme, ambao u mikononi mwake, lakini kwa cheo cha Dyuki wa York kilichofanyika ni jina lake kuondolewa kwenye daftari rasmi la wenye vyeo. Asitambulike nacho, asiitwe kwacho. Kukiua chenyewe ni kazi ya Bunge.

John Kigeugeu

Mar ni nchi ya milima na mabonde katika Aberdeenshire, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, katikati ya mito miwili, Dee na Don. Watawala wake walikuwapo kabla Waskoti hawajaanza kutumia neno erli. Waliitwa mormaer, neno la Kigaeli lenye maana ya msimamizi mkuu. Kwa sababu hiyo wenye Mar hupenda kusema kwamba chao ndicho cheo kikongwe kuliko vyote Uingereza nzima, na kwa kweli si rahisi kuwabishia.

Aliyekipoteza ni John Erskine, aliyezaliwa mwaka 1675. Wenzake walimbandika jina ambalo kwa Kiswahili tungesema John Kigeugeu, kwa jinsi alivyoyumba na upepo wa siasa. Alikuwa miongoni mwa waliopigania Uskoti na Uingereza ziungane mwaka 1707, baadaye akashika uwaziri wa mambo ya Uskoti huko London. Malkia Anne alipofariki mwaka 1714 na kiti kikaenda kwa George, Mjerumani wa Hanover, Mar alimwandikia mfalme mpya barua ya utii. Mfalme akamfukuza kazi.

Agosti 1715 Mar aliondoka London kwa siri, kwa njia ya bahari, akarudi kwao. Akawaita wakuu wa koo kwa kisingizio cha kwenda kuwinda. Tarehe 6 Septemba, pale Braemar, alipandisha bendera ya James Stuart, mtoto wa mfalme aliyeondolewa madarakani mwaka 1688. Husimuliwa kwamba bendera ilipokuwa inapanda, kile kitufe cha dhahabu kilichokuwa juu ya mlingoti kikadondoka chini mbele ya umati. Wazee wa nyanda za juu wakatazamana.

Walikuwa na sababu. Novemba 13, huko Sheriffmuir karibu na Dunblane, jeshi la Mar lililozidi kwa mbali lile la serikali lilishindwa kushinda. Kila upande ulivunja ubavu mmoja wa mwenzake, kila upande ukadai ushindi, na Mar akarudi nyuma wakati alipaswa kusonga mbele. Februari 1716 yeye na James walipanda meli pale Montrose wakakimbilia Ufaransa, wakawaacha wafuasi wao kwenye theluji. Mar hakurudi tena. Alifia Aachen mwaka 1732.

Bunge halikumngoja arudi. Mapema mwaka 1716 lilimtangaza mhaini kwa sheria, na hapo cheo kikafungwa. Makabaila wa Uskoti zaidi ya kumi walifungiwa vyao kwa sababu ya maasi hayo.

Hukumu hiyo ilikuwa na meno ambayo adhabu ya kifo haina, maana ilisema damu ya mhaini imeharibika. Kilicho chake hakirithiki, na hakuna urithi unaoweza kupita ndani yake kwenda kwa mwingine. Ni kama bomba lililozibwa katikati: maji yapo tangini, bomba za mbele ni nzima, lakini tone halifiki.

Wala haikujali kama mwili wa mhaini umepatikana. Erli wa Nithsdale alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa katika Mnara wa London akisubiri kukatwa kichwa asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkewe, Winifred, alifika na wanawake wengine, wakiingia na kutoka kwa zamu mpaka walinzi wakapoteza hesabu. Ndani ya chumba akampaka mumewe wanja na rangi ya mashavu, akamvisha gauni na kofia ya mmoja wao, akamtoa nje akiwa ameziba uso kwa leso kama mama anayelia. Kisha akarudi chumbani peke yake na kukaa akizungumza kwa sauti mbili, ya kwake na ya mume, ili walinzi wa mlangoni wadhani bado wapo wawili. Mume akaokoka, akaishia Roma. Cheo cha Nithsdale hakikuokoka.

Ardhi mbali, cheo mbali

Hapa pana kosa jingine la kawaida. Watu hudhani cheo na mashamba ni kifurushi kimoja. Hapo kale ilikuwa karibu hivyo, na nitarudi huko, lakini kufikia mwaka 1716 vilikuwa vitu viwili. Mashamba ya Mar yalitaifishwa na kuwekwa sokoni. Walioyanunua mwaka 1724 ni mdogo wake mhaini mwenyewe, James Erskine, jaji aliyejulikana kama Lodi Grange, pamoja na jamaa mwingine wa ukoo. Ngome yao ya Alloa ikabaki nyumbani. Ardhi waliweza kuinunua. Cheo hakina bei.

Huyu Grange anastahili aya yake, ingawa tutachepuka. Mkewe, Rachel Chiesley, aligombana naye vibaya, na inasemekana alitishia kufichua barua za siri za maswahiba wa mumewe waliokuwa bado wanawasiliana na akina Stuart. Januari 1732 alitekwa usiku nyumbani kwake Edinburgh. Mumewe akatangaza amefariki, na mazishi yakafanyika bila maiti. Kumbe mama wa watu alikuwa anahamishwa kisiwa hadi kisiwa, miaka kadhaa akiwa St Kilda, jiwe la mbali kabisa katika Atlantiki ambako karibu hakuna aliyejua Kiingereza chake. Alifariki mwaka 1745 katika kisiwa cha Skye, bado mfungwa.

Mtoto wa Rachel na Grange alimwoa Frances, binti wa Mar aliyekimbia. Binamu kwa binamu, watoto wa ndugu wawili. Mwaka 1741, bibi yake angali mfungwa visiwani, akazaliwa John Francis Erskine. Mkumbuke huyu, maana kesi nzima imesimama juu ya kichwa chake.

Kuumeni na kukeni

Mar mhaini alikuwa na mtoto wa kiume, Thomas, aliyefariki mwaka 1766 bila mtoto. Baada yake, nani angekuwa mrithi kama cheo kisingekuwa kimefungwa? Inategemea unahesabu vipi.

Ukihesabu kuumeni tu, yaani mwanaume kwa mwanaume bila mwanamke katikati, unamwacha Frances, unarudi kwa mdogo wa mhaini, Grange, unashuka kwa mwanawe, unafika kwa John Francis. Ukikubali na kukeni, yaani binti arithi pale ambapo hakuna mtoto wa kiume, unampa Frances, na baada yake mwanawe. Unafika kwa John Francis yuleyule.

Kwa hiyo mwaka 1824, miaka miwili baada ya Mfalme George wa Nne kuitembelea Uskoti, Bunge lilipoamua kurudisha baadhi ya vyeo vya waasi, hakukuwa na mtu wa kubishana naye. John Francis, mzee wa miaka themanini na ushee, alisimama kwenye milango yote miwili kwa wakati mmoja. Sheria ikamtaja kuwa mjukuu wa yule aliyehukumiwa (na mjukuu alikuwa kwa mama yake tu) ikamrudishia yeye na warithi wake cheo cha Erli wa Mar. Haikusema ni warithi wa mlango upi. Mzee akakifaidi mwaka mmoja, akafariki.

Msomaji wa Nairobi anao mfano wa jambo hili karibu na mlango wake. Josslyn Hay, Erli wa Erroll wa 22, ni yule Mskoti aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari karibu na Karen, Januari 1941. Aliyeshtakiwa aliachiwa na kesi ikabaki kitendawili. Tuyaache ya nani alifyatua risasi, tutazame vyeo. Viwili kati ya vyeo vya marehemu vinatuhusu, naye alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na mitano. Erroll, cheo cha kale cha Kiskoti kinachoruhusu kukeni, kilikwenda kwa binti. Cha pili, Baroni Kilmarnock, kilichoundwa mwaka 1831 kwa wanaume pekee, kikaruka kwenda kwa mdogo wake marehemu. Risasi moja ya Karen ikatenganisha vyeo vilivyokuwa pamoja miaka mia moja na kumi.

Na Kilmarnock nayo ina mkia wake. Kulikuwa na Erli wa Kilmarnock, aliyekatwa kichwa London mwaka 1746 baada ya maasi ya pili ya akina Stuart. Cheo kikafungwa, na mpaka leo hakijarudishwa. Lakini mwanawe alikuja kuwa Erli wa Erroll mwaka 1758, kwa sababu huo ulikuwa urithi wa upande wa mama, na bomba lililozibwa lilikuwa la baba. Ukoo ulipopewa ubaroni wa Kilmarnock mwaka 1831, kilikuwa cheo kipya cha daraja la chini chenye jina la zamani. Namba inafanana, laini ni nyingine.

Mwaka 1866 milango inaachana

Baada ya mzee John Francis alifuata mwanawe, kisha mjukuu, ambaye mwaka 1835 aliongezewa na cheo cha jamaa wa mbali, Erli wa Kellie. Kellie kilikuwa cha kuumeni bila ubishi. Mjukuu huyu alifariki mwaka 1866, hakuacha mtoto.

Kuumeni, mrithi alikuwa binamu yake, Walter Coningsby Erskine. Kukeni, alikuwa mtoto wa dada yake, John Francis Erskine Goodeve, mjomba wake akiwa ndiye marehemu. Kellie ilikwenda kwa Walter moja kwa moja. Mar aliichukua mpwa, akajiongezea jina la ukoo akawa Goodeve-Erskine, na mwanzoni karibu kila mtu alimwita Erli wa Mar bila kuuliza. Mwaka uliofuata Walter akapeleka madai Bunge la Malodi, ambako kamati ya malodi ndiyo huamua kesi za vyeo. Mar pia ni yangu, alisema, kwa sababu Mar ni ya wanaume.

Kamati ya malodi ikawa na kazi ya ajabu. Sheria ya 1824 ilirudisha kilichofungwa mwaka 1716. Sawa, lakini kilichofungwa mwaka 1716 kilikuwa nini hasa? Cheo kile cha kale kinachopita kwa wanawake, au kingine? Ikabidi warudi nyuma miaka mia nne.

Mwaka 1404 Mar ilikuwa mikononi mwa mjane, Kauntesi Isabel Douglas. Alexander Stewart, mjukuu wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa, aliiteka ngome yake ya Kildrummy, na Agosti mwaka huo Isabel akatia muhuri hati ya kumpa Alexander kila kitu. Kwa hiari au kwa upanga, jibu mwenyewe. Desemba wakaoana, hati ikarekebishwa. Isabel akafariki miaka michache baadaye. Mwaka 1426 Alexander alikwenda kwa mfalme wakaandikishana upya: yeye na mwanawe wakiondoka duniani, Mar inakwenda kwa Taji, yaani kwa ufalme. Alipofariki mwaka 1435, mwana akiwa ametangulia, Taji likachukua.

Hapa kila mwenye shangazi aliyeolewa kwenye kiwanja chake mwenyewe atanielewa. Mke ana kiwanja. Anafariki. Mume anakwenda ofisi ya ardhi anaandikisha kwamba naye akifa kiwanja kiwe cha serikali. Ndugu za mke wanatoka nduki: kiwanja hakikuwa cha shemeji! Ndugu za Isabel ndio hao akina Erskine. Walidai, na mwaka 1457 mahakama ya mfalme ikawatupa nje. Miaka 130 Taji likaishika Mar, likiwagawia watoto wa kifalme na kuwapokonya. Hatimaye Juni 1565 Malkia Mary wa Uskoti akampa John Erskine wa zama hizo hati ya ardhi ya Mar, akieleza ndani yake kwamba mababu zake walidhulumiwa. Wiki chache baadaye, siku zilezile Malkia alipoolewa na Darnley, Erskine akaanza kuitwa Erli wa Mar.

Swali la kamati likawa hili: Malkia alirudisha kiwanja cha zamani, au alipima kipya?

Februari 1875 malodi walijibu: kipya. Cheo cha kale kilikufa kwa kukaa mikononi mwa Taji muda wote ule, ardhi ya 1565 ilikuwa ardhi tu, na uerli uliundwa upya siku hizo za harusi. Hati ya kuuunda iko wapi? Hakuna. Basi pale ambapo hati haisemi, sheria hudhani ni wanaume tu. Mar ikaenda kwa Erli wa Kellie, ambaye sasa alikuwa mtoto wa Walter, baba akiwa amefariki mwaka 1872.

Waskoti wengi walichachamaa, na naona walikuwa na haki. Kamati ilikuwa imegundua cheo ambacho hakuna karatasi yake, na ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwa miaka mia tatu. Isitoshe, mwaka 1606 ilipoandaliwa orodha rasmi ya nani akae mbele ya nani miongoni mwa makabaila wa Uskoti, Mar aliwekwa juu ya maerli walioundwa miaka mingi kabla ya 1565. Mtoto wa juzi huwekwaje mbele ya wazee? Na Malkia mwenyewe aliandika kwamba anaondoa dhuluma. Huwezi kumrudishia mtu kitu alichodhulumiwa kwa kumpa kingine kinachofanana.

Lakini uamuzi wa malodi haukatiwi rufaa. Kilichobaki ni Bunge, nalo mwaka 1885 lilifanya kile ambacho ofisi nyingi za ardhi hufanya zikigundua hati mbili: halikufuta hata moja. Lilitunga sheria ya kutambua kwamba uerli wa kale wa Mar ungalipo na ni wa Goodeve-Erskine, likauacha ule wa 1565 kwa Kellie. Tangu hapo kuna Erli wa Mar, na kuna Erli wa Mar na Kellie. Si mtu mmoja, usidanganywe na majina. Wala si kwamba mmoja ni bandia.

Wanaouza ulodi mtandaoni

Kuhusu wale waliosema vyeo huuzwa: yapo matangazo ya kukuuzia kipande cha ardhi Uskoti, wakati mwingine ukubwa wa mkeka wa kuswalia, pamoja na cheti kinachosema sasa waweza kujiita Lodi. Kinachochezewa hapo ni neno laird, ambalo Waskoti humwitia mwenye shamba kubwa. Laird si lodi. Ni kama "mzee wa mtaa" na "mzee wa kanisa": neno linafanana, kiti ni kingine. Hata ulaird wenyewe huupati, kwa sababu mamlaka ya Uskoti inayoshughulikia nembo na vyeo imekwisha kusema kwamba kipande cha ukumbusho hakimfanyi mtu laird, na sheria ya usajili wa ardhi huko hairuhusu vipande hivyo kusajiliwa. Unachonunua ni cheti cha kutundika sebuleni. Kama sebule yako inakihitaji, endelea.

Mar ya kale ilirithiwa mwaka 1975 na mwanamke, Margaret, Kauntesi wa 31 kwa hesabu ya ukoo. Alikuwa mfugaji na mtengenezaji wa jibini ya mbuzi. Mwaka 1989 aliumizwa na dawa ya kuogeshea kondoo, akageuka mpiganaji mkubwa bungeni wa waliodhuriwa na sumu za aina hiyo. Sheria ya mwaka 1999 ilipowatoa malodi wengi wa kurithi katika Bunge la Malodi, yeye alikuwa mmoja wa wachache waliobakizwa, na miaka yake ya mwisho, mpaka alipostaafu mwaka 2020, ndiye alikuwa mwanamke pekee wa kurithi katika jumba lile. Mwenzake wa Mar na Kellie, erli wa 14 kwa hesabu ya ule upande wa 1565, alitolewa mwaka 1999, akarudishwa mwaka uliofuata kwa ulodi wa maisha, yaani usiorithiwa, wenye jina la ngome ya Alloa, ile ambayo mdogo wa mhaini aliinunua sokoni.

Margaret mrithi wake ni binti yake. Kwa Mar na Kellie, mrithi ni lazima awe mwanaume.